Karatasi Ngeni

Tik. Kimya kidogo. Tik.

Jogoo alikuwa hajawika bado. Getruda, aliyekuwa macho tangu baridi ilipopenya blanketi, alijua bila kuuliza kwamba ni mjukuu wake Fidelia anavunja nyasi. Mtoto alisimama juu ya kigoda gizani, akichomoa nyasi kavu za paa kwa upande wa ndani, akizipima kwa kidole na kuzivunja urefu wa kiganja. Zilikuwa nyasi za kusomea. Kila mtoto wa shule ya kanisa pale Kilolelo alikuwa na unyasi wake. Mwalimu Abrahamu aliwafundisha kuutembeza chini ya mstari huku wakisema kwa sauti yaliyoandikwa, na ole wake ambaye unyasi ungefika mwisho wa mstari kabla ya mdomo wake.

"Utaimaliza nyumba yangu, wewe," Getruda alisema kutoka kitandani. "Mvua ikija tutajifunika katekisimu."

Fidelia akacheka. "Wa juzi umevunjika, bibi."

"Umevunjikia wapi?"

Mtoto alivunja mwingine, na Getruda hakuuliza tena. Usiku ule alikuwa amempaka mafuta ya ng'ombe kwenye vifundo vya vidole, vilivyovimba kwa fimbo ya mwanzi. Mtoto alikuwa amekosea neno moja katika Amri ya Sita.

Fidelia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, na baba yake, Danieli, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, kama vijana wengi wa Ubena wa siku zile. Miaka minne mtoto alikwenda shule. Asubuhi walisema katekisimu, mchana walibeba matofali ya kanisa jipya. Getruda aliwahi kumwuliza Mwalimu Abrahamu, kwa adabu, watoto wataandika lini. Mwalimu alimjibu, "Mama Danieli, kuandika ni kazi ya makarani. Hapa tunatafuta mbingu." Getruda mwenyewe hakujua hata herufi moja. Angebishana na mwalimu kwa lipi?

Wiki mbili kabla ya asubuhi hiyo barua ilikuja kutoka Tanga. Majirani walijaa nyumbani kusikia mtoto akisoma. Fidelia alikunjua karatasi juu ya goti, akatoa unyasi wake, akautembeza chini ya mstari wa kwanza taratibu, bila kutetemeka.

"Nawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na macho yangu. Kazi inaendelea vizuri. Mungu ni mwema. Wasalimieni wote wanaoniulizia."

Unyasi na mdomo vilifika mwisho pamoja. Wanawake walipiga vigelegele. Getruda alilia kwa furaha, na Jumapili, ili furaha ikamilike, alimpelekea mwalimu barua ile mlangoni pa kanisa. Abrahamu aliishika mikono miwili, akaitazama kwa muda, akairudisha.

"Mtoto amesoma sawasawa," alisema.

Sasa kulikuwa kunakucha. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka ule Waingereza walipomvika malkia wao taji, na sakitu, barafu nyembamba ya alfajiri, ilikuwa imelala juu ya majani ya viazi kama unga uliomwagika. Fidelia alikuwa hajamaliza uji wake pale mwanamke mgeni alipotokea njiani, miguu mitupu imepasuka kwa baridi, rozari shingoni.

"Kamwene."

"Kamwene, mama. Karibu moto."

Mgeni hakuketi. "Mimi naitwa Paskalina. Nauza uji pale malori yanaposimama Makambako. Hapa ndipo kwa mama yake Danieli?"

"Ndipo."

"Mbona hamji kumchukua mtu wenu?"

Getruda alidhani hakusikia vizuri. "Mtu yupi?"

"Danieli. Lori lilimshusha Jumamosi. Leo siku ya tatu yuko kibarazani pa duka. Kila akisikia nyayo anasema, hao wamekuja, niliwaandikia."

"Barua yake tunayo. Anasema ni mzima."

Paskalina alimtazama kama mtu anayemtazama mlevi wa ulanzi saa za asubuhi. "Mama," alisema polepole, "mtu yule hana mkono."

Bakuli la Fidelia lilianguka.

Enoki, mdogo wake Danieli, alikata mianzi miwili nyuma ya zizi, akafunga mablanketi katikati yakawa machela. Yeye na majirani watatu walitangulia mbio. Getruda na Fidelia walifuata na Paskalina, aliyeondoka Makambako jogoo wa kwanza na sasa akarudi njia ileile bila kupumzika. Njiani alimshika Getruda kiwiko kila penye utelezi, kama vile wamezaliwa tumbo moja.

Danieli alikuwa amelala juu ya magunia, amefunikwa kitenge ambacho Getruda alikitambua baadaye kuwa cha Paskalina, cha pekee alichokuwa nacho. Mashine ya mkonge ilikuwa imemvuta mkono wa kulia, ikausaga hadi juu ya kiwiko. Huko hospitali ya mashamba walimkata kilichobaki, wakampa tiketi ya lori kabla kidonda hakijafunga. Baridi ya siku tatu na vumbi la barabara vilikuwa vimemaliza kazi. Bandeji ilikuwa nyeusi. Harufu ilimfanya jirani mmoja ageuke atapike ukutani.

"Mama," Danieli alisema. Meno yake yaligongana. "Nilimwandikisha karani wa hospitali, mje Jumamosi. Niliandika mje na machela. Hamkupata?"

Getruda alimvutia kitenge hadi kidevuni. Ni Fidelia aliyesema, kwa sauti ndogo mno, "Tulipata, baba."

Walimbeba. Kwenye kijito cha tatu, pale inapoanza misitu ya miti ya miwati, Danieli alianza kutupa kichwa huku na huku na kupiga kelele kwamba mashine izimwe. Alipiga kwa mkono asiokuwa nao, na kisiki cha mkono kikagonga mwanzi, damu na usaha vikamrukia Enoki usoni. "Izimeni! Izimeni!" Enoki aliangusha machela, akamkumbatia kaka yake kwa nguvu zote ili asijiumize, na humohumo mikononi mwake kelele zikakatika.

Walimzika Jumanne. Fidelia hakulia wala hakula. Usiku, chini ya blanketi moja, alimwambia bibi yake, "Nimemuua baba."

"Hapana, mjukuu wangu."

"Nimemuua. Karatasi ilisema kitu kingine. Mimi nilisema yale yanayosemwaga kwenye barua. Bibi, nilidhani ndiyo kusoma."

Getruda alimkumbatia hadi alfajiri. Mwanawe hakuweza kumrudisha. Lakini huyu alikuwa hai, na kama neno lile lingeachwa limwotee kifuani, naye angekufa taratibu, mbele ya macho yake. Asubuhi aliikunja barua akaiweka kwenye kikapu, pamoja na sleti ya kuandikia iliyovunjika pembe, ambayo Paskalina aliikuta mzigoni mwa Danieli. Alimwekea mtoto vyote viwili mbele. Fidelia alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

Jumatano Enoki alichomoa mwanzi mmoja kwenye machela. Bado ulikuwa na damu ya kaka yake. Hakusema anakwenda wapi, wala hakuna aliyehitaji kuuliza. Getruda alichukua kikapu akamfuata akikimbia, na kila alipopita wanaume waliacha majembe wakamfuata yeye.

Watoto walikuwa wakisema Kanuni ya Imani kwa pamoja pale Enoki alipoingia. Mwalimu Abrahamu alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kanzu yake nyeupe imeshonwa viraka kwa mkono wake mwenyewe. Aligeuka akitabasamu, akidhani ni mfiwa amekuja kushukuru kwa mazishi. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni.

"Ulisema sawasawa!" Enoki alipiga tena. "Mama alikuletea barua, ukasema sawasawa! Ulitaka kaka yangu afe? Alikukosea nini?"

Watoto walitoka kwa madirisha. Abrahamu aliinua mkono kujikinga, mwanzi ukauvunja, mfupa ulisikika. Akaanguka kati ya mabenchi. Baba mmoja akaingia na kumkanyaga mgongoni, akitaja jina la binti yake aliyevunjwa kidole shuleni pale. Mwingine akafuata. Walimvuta miguu hadi nje kwenye sakitu, wakampiga mateke mbavuni. Kanzu ikageuka nyekundu kifuani, na yeye hakulia, alikuwa anasema tu, "Bwana, Bwana," kana kwamba anaita mahudhurio ya watoto.

"Acheni!" Getruda alijipenyeza. "Acheni nimwulize!"

Walisita, kwa kuwa alikuwa mfiwa. Akapiga magoti, akakunjua barua mbele ya uso uliovimba. "Mwalimu. Isome. Isome wasikie, halafu uniambie kwa nini ulinidanganya."

Abrahamu aliitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefunga. Mkono wake mzima ulipapasa chini, ukapata unyasi wa mtoto uliodondoka. Akautembeza chini ya mstari wa kwanza.

"Nawasalimu kwa jina la Bwana," alisema kupitia damu. "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu..."

Yalikuwa maneno yaleyale ya Fidelia, moja baada ya jingine. Unyasi ukasimama. Getruda alisikia sakitu ikichuruzika kutoka kwenye paa.

"Siwezi," Abrahamu alisema. "Mama Danieli, sijui. Sikuwahi kujua. Mzungu wa zamani alitusomea, sisi tukameza. Nilimeza vitabu vitatu vizima. Aliponipa shule nikaona haya kumwambia. Miaka ishirini nimeona haya."

Kama angesema alifanya kwa chuki, labda wangemwacha apelekwe bomani. Neno lile ndilo lililowatia wazimu. Miaka ishirini! Wengine kati ya wale wanaume walikuwa wanafunzi wake wa kwanza, na walikuwa wakijigamba kwa wake zao kwamba wanajua kusoma. Jiwe likaruka. Mtu akakimbia na kijinga cha moto kutoka jikoni kwa mwalimu, akakichomeka kwenye paa la shule. Nyasi zikashika kwa mlio kama wa mvua kubwa. Enoki aliunyanyua mwanzi kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mwalimu.

Getruda hakufikiri. Au alifikiri kitu kimoja tu, kwamba alikuwa amebakiwa na mwana mmoja na hakutaka awe muuaji. Alijilaza juu ya Abrahamu.

Mwanzi ulimpata begani. Mfupa wa mtulinga ulivunjika kwa sauti ndogo, tik, kama unyasi. Enoki aliisikia sauti ile. Akautupa mwanzi, akatazama mikono yake, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, na moto ukimulika nyuma yake.

Huko Njombe, kwenye boma la serikali, wiki tatu baadaye, kesi haikuchukua muda. Enoki alikiri. Abrahamu aliletwa kwa machela, taya limefungwa kitambaa, na alipoulizwa alisema maneno machache kwa shida: "Msimfunge sana. Mimi nilidanganya." Getruda alilisikia neno lile na akaliweka moyoni. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alimpa Enoki viboko kumi na miezi minane. Vilichapwa palepale nyuma ya jengo, na Getruda, amesimama kizimbani mkono umefungwa shingoni, alivihesabu vyote kwa masikio. Karani mkalimani, Agustino, alimletea kiti bila kuambiwa. Getruda hakuketi mpaka kiboko cha kumi.

"Unataka kusema nini, mama?" Bwana Shauri aliuliza kwa mdomo wa Agustino. "Kesi imekwisha."

"Ya mwanangu imekwisha. Nataka kusema ya shule."

Mchungaji wa misheni, mzungu mzee mwenye ndevu, aliinuka. Alisema Kiswahili kizuri. "Shule za kanisa ni za kanisa. Hatupokei hata senti ya serikali."

"Ndivyo ilivyo," Bwana Shauri alisema. "Hazimo kwenye orodha yangu. Siwezi kuziingilia."

"Sijaja kuwaomba muingilie kanisa," Getruda alisema. "Nasali hukohuko na nitazikwa hukohuko. Neno la Mungu nalipenda. Lakini mlijenga nyumba mkaiita shule, nami nikampeleka mtoto kwa sababu ya jina lile. Bwana mkubwa, ukimwuzia mtu jembe, si lazima lilime? Mimi naomba mambo matatu tu. Mtoto asome karatasi asiyoijua. Aandike jina lake. Ajue hesabu za kumtosha sokoni. Na mwalimu aanze yeye. Kila mwaka aje mtu wa mbali na karatasi ngeni, ambayo hakuna aliyeimeza, awape. Wakishindwa, msiiite shule. Iiteni kanisa, nasi tutajua tunapeleka watoto kusali."

Bwana Shauri aligongesha kalamu mezani. "Nani atalipia mtu huyo wa mbali?"

"Mimi nimeshalipa," Getruda alisema, na kwa mkono mzima akatoa barua. "Msomee, mwanangu, asikie malipo."

Agustino alisoma. "Mama, mashine imenikata mkono. Nafika Makambako kwa lori Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Njoni na machela na mablanketi, siwezi kutembea..." Sauti yake ikakwama.

"Inatosha," Bwana Shauri alisema, akafunga faili. Hakusema ndiyo wala hapana.

Getruda alikuwa amefika chini ya ngazi pale mchungaji alipomfikia, akihema.

"Mama, nina shule nyingine saba kama ile," alisema. "Kila mwaka nakwenda, wananisomea vizuri. Daima kitabu chetu." Aliutazama mkono wa Getruda uliofungwa. "Sikuwahi kuwapa karatasi nyingine."

"Basi nenda nayo."

Alikwenda. Alibandua tangazo la chanjo ya ng'ombe kwenye mlango wa boma na kuzunguka nalo kwa miguu shule zote saba. Katika nne kati ya hizo, walimu waliikodolea macho karatasi ile wakaanza Baba Yetu. Mchungaji hakumfukuza hata mmoja. Aliwapeleka kozi wote, wazee wenye mvi wakaketi benchi moja na wavulana, na kubeba matofali kukapigwa marufuku hadi saa za masomo ziishe. Kilolelo alitumwa mwalimu wa kike, Zipora, mwenye cheti. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukusanya nyasi zote za kusomea na kuzitia chini ya chungu.

Fidelia alikaa nyumbani mwezi mzima. Zipora hakumlazimisha. Jioni alipita kuomba moto, akaacha juu ya jiwe la kusagia kipande cha gazeti, akaenda zake. Kesho yake kingine. Siku moja Getruda alimkuta mtoto amechutama karibu nacho, anafuatisha herufi kwa kidole kwenye unga uliomwagika. Alirudi nyuma kimyakimya, akapitia mlango mwingine.

Abrahamu hakwenda kozi. Mguu uliovunjwa kwa mawe haukuunga vizuri na jicho lilipotea. Alilala kwenye kibanda chake karibu na magofu ya shule, na watu waliopita walitema mate. Getruda alimpelekea uji. Majirani walimshangaa.

"Mama Danieli, huyo si alimuua mwanao?"

"Mwaka wa sakitu kubwa Fidelia alishikwa na homa shuleni," aliwajibu. "Alimbeba mgongoni kutoka kule hadi kwangu, na kanzu yake akamfunika. Hilo nalo nilisahau?"

Mvua za kwanza zilipoanza, Fidelia alisema atakwenda na bibi yake kwa mwalimu. Alikuwa na sleti kwapani, na barua. Hakuwa amewahi kuigusa tangu msiba.

Abrahamu alimwona akageuza uso ukutani. Mtoto aliketi kwenye kigoda. Hakutoa unyasi. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Ma-ma," alisoma. "Mama, ma-shi-ne i-me-ni-ka-ta mko-no."

Alisoma hivyo, kwa kujikwaa, akirudi nyuma, jasho likimtoka puani katika baridi ile. Alipita pale Agustino alipokwama. Alipita Jumamosi na machela na mablanketi. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyewahi kuusikia, maana Bwana Shauri alisema inatosha.

"Mwa-mbie-ni Fi-de-lia..." Getruda aliacha kukoroga uji. "Mwambieni Fidelia namletea sleti. Aandike jina la mama yake, nikifika nilione."

Kisha mtoto akalia, kilio alichokuwa nacho tangu mwezi wa saba, na Getruda akamwacha alie, mkono wake umelala tu juu ya mgongo wake mdogo. Alipotulia, alifuta sleti kwa kiganja, akaandika neno moja, akalitazama. Akalielekeza kitandani.

Abrahamu aligeuka. Jicho lake moja lilitembea juu ya herufi zile, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kurudi.

"Hii ya kwanza," aliuliza kwa taya lake lililopinda, "inaitwaje?"

"Inaitwa L, mwalimu. Mama aliitwa Lucia."

"L," alisema. Aliichora hewani kwa kidole, akaikosea, akaichora tena. Getruda alifunika uji ili usipoe, akakusanya kikapu, maana wingu lilikuwa limeshashuka mlimani. Walipofika mlangoni aliwaita kwa sauti ya mtu asiyetarajia kujibiwa.

"Mama Danieli. Mje tena. Mje naye, na hiyo sleti."